Kichwamaji Mbele ya Nchi ya Ufipa

Mji wa Sumbawanga una jina lililo amri. Wenyeji wengi hulifasiri kwa Kifipa kuwa ni agizo kwa mtu aingiaye mjini: tupa uchawi. Kama tafsiri hiyo ni historia ya kweli au ni hekima iliyozuka baada ya jina, si jambo la kuamuliwa hapa. Linalostahili kuangaliwa ni umbo la amri yenyewe. Haisemi kwamba uchawi haupo. Aliyeitoa, awaye yote, alisadiki kwamba mgeni amechukua kitu mkobani, na kwamba kitu hicho chaweza kuwekwa chini kabla ya kuvuka kizingiti. Kusadiki na kukataa vimekaa pamoja katika neno moja, wala havigombani.

Mkana Mungu ajulikanaye katika riwaya ya Kiswahili ni mtu wa namna nyingine kabisa. Huyu hana mkoba, ana vitabu. Jina lake ni Kazimoto, na riwaya aliyomo ni Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, iliyotolewa mwaka 1974. Mwaka huohuo Mkoa wa Rukwa uliundwa, na Sumbawanga ikawa makao yake makuu. Mambo hayo mawili hayahusiani, ila yote yalitokea katika nchi iliyokuwa ikiwahamishia watu wake vijijini na kuwauliza upya wao ni nani. Tangu wakati huo kitabu hiki kimesomwa na wanafunzi wengi, na wahakiki wamekitaja mara nyingi kuwa ndicho kilichoingiza katika Kiswahili shaka ya mtu wa zama hizi juu ya Mungu na juu ya maana ya kuishi. Sifa hiyo ni haki yake. Walakini sifa ikirudiwa sana huwa kama pazia, na nyuma ya pazia hili limefichika swali ambalo halijaulizwa sawasawa. Shaka ya Kazimoto ina uzito gani ikitolewa kichwani mwake na kuwekwa mahali ambapo watu wanaamini kweli, siku zote saba za juma? Ufipa, uwanda ule wa juu ulioko baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, ni mahali pa namna hiyo.

Yafaa kukumbuka kwanza kwamba kabla ya Kezilahabi suala lenyewe halikuwako katika maandishi ya Kiswahili. Tenzi za pwani hufunguliwa kwa jina la Mungu, na hata mshairi aliyemlilia Mola kwa uchungu wa maradhi au ufukara hakumwuliza kama yuko. Shaaban Robert alitoa Kusadikika mwaka 1951, na jina la nchi ile ielelayo angani limetokana na neno kusadiki. Lakini anayeshtakiwa humo ni Karama, na anaowashinda kwa hoja zake ni wakubwa wa nchi. Mungu hakuitwa shaurini. Aliyemwita ni Kezilahabi. Katika Rosa Mistika, kitabu chake cha mwaka 1971, vifo vya dunia hii vikiisha kutokea hadithi inapanda hata mbele ya Mungu mwenyewe, na baba na binti wanashindana huko juu ya nani mwenye kosa. Jina la kitabu hicho limetoka katika Litania ya Bikira Maria, ambayo husaliwa baada ya rozari katika nyumba za Kikatoliki, Ukerewe na Ufipa vilevile. Mwandishi alizaliwa Namagondo katika kisiwa cha Ukerewe mwaka 1944, akasoma katika seminari ya Nyegezi. Bila shaka aliijua litania hiyo kabla ya kumjua mwanafalsafa yeyote. Mtu aliyelelewa katika sala hawezi kumkana Mungu kama akanushavyo habari ya gazeti. Akimkana, humkana kama mtoto anavyomkana mzazi, na sauti yake huwa na ghadhabu ambayo hoja peke yake haiwezi kuizaa.

Ghadhabu hiyo ndiyo nguvu ya Kichwamaji. Kazimoto ni mwanafunzi wa chuo kikuu aliyerudi nyumbani likizoni. Hadithi inaanza naye akiwa katika ofisi ya mkuu wa wilaya, amekwenda kuomba kazi, na mkuu wa wilaya ni Manase, mwenzake wa tangu utoto, ambaye anamwacha angoje. Kungoja kule kumeandikwa kwa ustadi mkubwa: msomaji aona mlango, aona wanaoitwa na wasioitwa, naye afahamu kabla ya kuambiwa kwamba urafiki umekufa. Kisha mambo yanafuatana upesi. Manase amempa mimba Rukia, dada yake Kazimoto. Rukia anakufa, na mama yao anamfuata. Kazimoto anakusudia kulipiza kisasi kwa Sabina, dada yake Manase, na kisasi kinageuka ndoa. Mwishowe ugonjwa uliopita kutoka mwili hadi mwili katika watu hawa unajionyesha kwa watoto wao, wanaozaliwa na vichwa vikubwa visivyo vya kawaida. Kazimoto anajiua.

Katika hadithi hii ziko kurasa ambazo watu waliosoma hukaa na kujadiliana juu ya Mungu na uhai. Kurasa hizo ndizo zilizoipa riwaya jina lake katika madarasa, nazo, kwa kusema kweli, ndizo dhaifu kuliko zote. Sababu yake si kwamba hoja ni mbovu. Hoja za namna hiyo zimesikika kila mahali tangu kale, na aliyezitoa kwa Kiswahili alifanya kazi ya heshima. Udhaifu ni kwamba hakuna mwenye kuzijibu. Imani ya wazee inaonyeshwa zaidi kuwa mazoea na hofu, na vijana wanaobishana wamekwisha kukubaliana katika mambo makubwa kabla ya kufungua vinywa. Shauri lenye upande mmoja ni hotuba. Msomaji wa seminari, naye yupo na amekuwapo sikuzote miongoni mwa wasomaji wa Kezilahabi, hukifunga kitabu akiwa na haki ya kusema kwamba mtu aliyeweza kumjibu Kazimoto hakualikwa.

Tofauti yake ni pale mtoto anapozaliwa. Hapo hakuna anayehutubu. Daktari angeweza kulieleza jambo lile kwa njia ya ugonjwa, na mwandishi haifichi njia hiyo. Lakini katika jamii ya hadithi ile, kama katika jamii nyingi, mtoto wa namna hiyo ni neno lililosemwa na mtu fulani au na nguvu fulani, na wazazi wanatazamwa kama watu walioandikiwa barua. Kazimoto, aliyekwisha kusema kwamba hakuna aandikaye barua, anaisoma barua hiyo. Anaiona hatia, anaikubali, anajipa adhabu. Amemwondoa Hakimu akakibakiza kiti, kisha amekikalia mwenyewe, na hukumu ya kwanza aliyoitoa ni kifo chake. Ni mahali pachache katika riwaya ya Kiswahili ambapo jambo zito hivi limetendeka bila kuelezwa, na huenda mwandishi mwenyewe hakukusudia ushahidi huu uwe mkali kama ulivyo: kwamba mkana Mungu wake alikuwa muumini hata mwisho, aliyebakiwa na ile sehemu ya imani iliyo ngumu kuliko zote, yaani hukumu, baada ya kuitupa ile iliyo laini.

Sasa na atazamwe mtu huyo katika Ufipa. Dini ya Kikatoliki iliwafikia Wafipa kutoka ziwani. Ngome ya Karema, iliyojengwa na Wabelgiji mwaka 1879 katika ufuko wa Tanganyika, ilikabidhiwa Mapadre Weupe mwaka 1885, na kutoka huko misheni zilipanda uwandani. Askofu Lechaptois aliandika juu ya watu na desturi za nchi hizo katika kitabu kilichotoka mwaka 1913. Jimbo liliitwa Karema mpaka mwaka 1969, ndipo likapewa jina la Sumbawanga. Kathleen Smythe, katika kitabu chake cha mwaka 2006 juu ya jamaa za Nkansi, ameonyesha kwamba Wafipa hawakumezwa na misheni kama mtu amezwavyo na maji: waliipokea wakiipimia kwa mizani ya ukoo, wakitafuta humo malezi, msaada na heshima kwa watoto wao. Ukatoliki ukawa kalenda ya mwaka na majina ya watu. Ukawa pia shule, hospitali na namna ya kuzikwa. Katika nchi ya namna hiyo kumkana Mungu hakuwi fikira ya mtu peke yake. Anayeikataa Misa amekataa pia kukaa benchi moja na mjomba wake.

Kabla ya misheni Wafipa walikuwa wamekwisha kuwa na njia yao ya kukabili jambo hili la nguvu mpya na nguvu ya zamani, nayo imo katika hadithi ya Milansi. Roy Willis, mtaalamu aliyekaa Ufipa kati ya mwaka 1962 na 1964 na ambaye maandishi yake juu ya watu hao yangali msingi, ameieleza kwa kirefu. Mwene wa Milansi, mwenye nchi wa kwanza, alikwenda kuwinda. Nyuma yake wakaja wanawake watatu wageni kutoka mbali. Alikuwa amemwonya mke wake kwamba kiti chake kisikaliwe na mgeni. Lakini wageni walikuwa na haiba, mke akashindwa, kiti kikatolewa. Mwene aliporudi alikuta enzi imekwisha kuhama. Hakupigana. Aliwaachia nchi wale Watwaci, ambao uzao wao ulitawala Ufipa na baadaye ukagawanyika kuwa falme mbili, Nkansi na Lyangalile. Yeye akabaki na eneo dogo la Milansi pamoja na mlima wa Itwelele, na heshima ya mambo ya ibada ambayo watawala wapya hawakuweza kuiondoa.

Hadithi hii yaweza kusomwa kuwa ni ya siasa, na ndivyo isomwavyo aghalabu. Lakini yaeleza vilevile kwa nini Ufipa hakukuzuka Kazimoto katika hadithi za wazee. Kwa fikira ya hadithi hii, mgeni mwenye nguvu hakanushwi, wala wa zamani hafutwi. Kiti hupewa mmoja, mlima hubaki kwa mwingine, na watu hujua siku ya kwenda kwa huyu na siku ya kwenda kwa yule. Misheni ilipokuja ilikuta mpango huu. Wapo waliolaumu hali hiyo kuwa ni unafiki wa Wakristo wa Jumapili. Lawama hiyo ni ya haraka mno. Mwene wa Milansi hakuwa mnafiki. Alijua tofauti ya kutawala na kuwa wa kwanza. Kazimoto kwa upande wake ameachia kiti bila kubakiza mlima wowote, na katika ukoo wote wa riwaya ile hakuna mzee mwenye mlima wa kumwonyesha.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba mpango wa Milansi ni amani tupu. Willis alipokuwa Ufipa, mnamo 1963 na 1964, vijiji vilipitiwa na kamchape, harakati ya kufichua wachawi iliyotoka upande wa Malawi, kama nyingine za jinsi hiyo zilivyopita katika nchi hizo tangu miaka ya 1930. Watu walikusanywa, wakachanjwa chale na kupakwa dawa. Pembe na vikorokoro vilitolewa majumbani na kuwekwa hadharani. Na waliofanyiwa haya waliahidiwa kijiji kisicho na uchawi tena. Sheria ya Uchawi ilikuwako tangu mwaka 1928, nayo haikuzuia. Willis aliona, katika makala yake ya mwaka 1968, kwamba waliosukuma mambo haya walikuwa vijana, na kwamba walionyoshewa vidole walikuwa wazee zaidi kuliko wengine.

Hapa ndipo Kichwamaji kinapokutana na Ufipa uso kwa uso. Vijana wa kamchape na Kazimoto ni rika moja la taifa moja, wanatengana kwa miaka kumi tu. Wote wamerithi ulimwengu uliopangwa na wazee, na wote wamechoka. Vijana wa Ufipa walidai pembe zitolewe nje zionekane. Kazimoto anadai Mungu atolewe nje aonekane, na asipotolewa anasema hayuko. Wale walikuwa wengi na walikuwa na chale miilini. Huyu ni mmoja na ana maneno. Haifai kumsifu yeyote kati yao kupita kiasi: kamchape iliwaaibisha wazee wasio na hatia, na aibu ya namna hiyo katika kijiji haifutiki kwa mvua moja. Lakini kwa mhakiki kamchape ina funzo ambalo vitabu vya falsafa havimpi. Chini ya swali la kuamini na kutoamini pana deni kati ya vizazi. Kijana hamuulizi Mungu kwanza, anamwuliza baba. Na Kichwamaji kikisomwa hivyo, kurasa zake zilizokuwa pembeni zinakuja katikati: kungoja kwa Manase, mimba ya Rukia, kitanda cha mama. Hizo ndizo hoja za Kazimoto juu ya Mungu. Mijadala ni mwangwi wake.

Sanaa ya nchi nyingine yaweza kuonyesha kilichokosekana. Katika Kerala, kusini ya Bara Hindi, mwandishi M. T. Vasudevan Nair alitengeneza mwaka 1973, yaani mwaka mmoja kabla ya Kichwamaji, filamu ya Kimalayalam iitwayo Nirmalyam. Mhusika wake, aliyeigizwa na P. J. Antony, ni mtumishi wa hekalu la kijiji ambaye mungu wa kike humpanda na kusema kwa kinywa chake. Hekalu limefukarika, jamaa yake ina njaa, naye hafundishwi shaka na mtu yeyote wala kitabu chochote. Anatumikia. Siku ya sikukuu, akiwa amekwisha kujua kwamba mke wake amejitoa kwa mkopeshaji fedha ili watoto wale, anacheza ngoma yake mbele ya mungu, anajikata paji la uso kwa upanga kama desturi inavyotaka, kisha anautemea damu uso wa sanamu, anaanguka, anakufa. Hakuna mjadala hata mmoja juu ya kuwako au kutokuwako. Lakini hakuna mtazamaji anayeondoka bila kujua kwamba jambo lote limekwisha kusemwa, na kwamba asiyeamini hawezi kutema mate yale. Mtemaji alikuwa na haki ya uso ule kwa sababu aliutumikia maisha yake yote.

Kezilahabi alijua, yaelekea, kwamba njia ya mjadala ilikuwa imefika mwisho. Nagona na Mzingile, vilivyotoka karibu na mwaka 1990, vimeacha mabishano ya vijana likizoni na kushika njia ya safari: mtu anatembea katika nchi ya mafumbo akimtafuta yule ambaye Kazimoto alisema hayuko, na anayepatikana si yule aliyetazamiwa. Vitabu hivyo ni vya juu, na lugha yake ina mahali ambapo inashinda yote aliyoyaandika kabla. Walakini kijiji kimetoweka humo. Hakuna ofisi ya mkuu wa wilaya, hakuna mtu anayedaiwa na mtu. Aliyefariki Dar es Salaam mnamo Januari 2020 alituacha na mkana Mungu mwenye kijiji na asiye na mpinzani, kisha na mtafuta Mungu mwenye wapinzani wengi na asiye na kijiji.

Mpinzani aliyestahili kualikwa yuko Ufipa, naye hana makuu. Ni katekista. Padre alifika kigangoni mara chache. Katika Jumapili zilizobaki aliyekusanya watu, akaongoza sala, akafundisha watoto na kusimama penye kitanda cha mgonjwa ni huyu, mtu wa kijiji mwenye shamba la matuta kama wenzake, anayejua ni nani aliyechanjwa chale mwaka ule na ni nani aliyetoa pembe, na pengine mwenye chale zake mwenyewe chini ya shati. Huyu amesikia hoja zote za Kazimoto bila kuzisoma, kwa kuwa amezika watoto.

Na lipo jambo moja ambalo lingemfikia yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwanyima maziko ya Kanisa watu waliojiua kwa kusudi. Sheria mpya ya mwaka 1983 haikuwataja tena. Rosa Mistika na Kichwamaji, vyenye wahusika wakuu waliojiua, viliandikwa chini ya sheria ile ya kwanza. Msomaji wa mjini hukiona kifo cha Kazimoto kuwa ni hitimisho la fikira, na riwaya inamruhusu, kwa kuwa inakomea karibu na kifo hicho. Kama Kazimoto angalikuwa mwana wa kigango kimoja cha Nkansi mwaka 1974, asubuhi ile baba yake angalikwenda kugonga mlango wa katekista. Angalimkuta ameamka. Habari ingalikuwa imekwisha kufika, na wote wawili wangalijua kilichokuja kuombwa: mahali pa kaburi, na mtu wa kusoma sala. Padre yuko mbali, barabara ni mbovu, jua linapanda. Katekista angalipaswa kujibu kabla ya adhuhuri, kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya mtu ambaye watakaa naye benchi moja Jumapili ijayo.